Utani Hauendi Mahakamani

Shule ya Msingi, Katimbong, Foni
11 Februari 1986

Kwako Yassin Ndure, mtumwa wangu uliyenitoroka,

Kasumay. Na usiponiitikia kwa Kijola "kasumay kep" katika barua ijayo, nitajua kiburi cha ofisi kimekupanda kichwani.

Tumesikia redioni. Nilikuwa nakagua kucha za darasa la tatu, mwalimu mwenzangu akaja mbio kaikumbatia redio kifuani: "Mwalimu Mkuu, si huyu yule Mserere wako?" Ati Wakili Mwandamizi wa Serikali, mwanamke wa kwanza! Nilikaa chini palepale kwenye vumbi, watoto wakadhani nimeugua. Yassin huyuhuyu aliyekuwa akiota kwa sauti bwenini na kumaliza sahani za wenzie! Wanaume wa Banjul watakoma. Nawaonea huruma kabisa, maana hawajui kubishana na mtoto wa Barra aliyelelewa kwenye moshi wa samaki. Nimefurahi mpaka nimelia, na ukimwambia mtu nitakana.

Sasa niache mchezo. Ba'mdogo wangu Landing, Alkalo, yaani mkuu wa kijiji chetu, amewapa watu wa kampuni mabonde ya mpunga. Yote, kuanzia kwenye mikoko mpaka kwenye tuta la mama yangu. Wanataka kupanda matunda ya kupeleka Ulaya. Ameapa mbele ya mkuu wa wilaya kwamba mabonde ni ya wanaume wa ukoo, sisi wanawake tuliazimwa tu. Tuliazimwa! Mama alipewa bonde na mama yake, bibi naye akapewa na wa kwake, na hao wa mwanzo ndio waliokata mikoko na kuzuia maji ya chumvi kwa mikono yao huku babu zetu wako nchi kavu na karanga zao. Mvua ikija hatujapanda, tutakula nini mwaka mzima?

Mama kila asubuhi anakwenda kusimama kwenye tuta lake, kisha anarudi.

Wewe ndiwe serikali. Fanya kitu. Mserere hamkatai Mjola mtani wake akiombwa, na hilo unalijua tangu ulipokuwa unanyonya.

Bosi wako wa kuzaliwa,
Nyima Sambou


Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, Banjul
27 Februari 1986

Kwa Nyima, mjakazi wangu mwenye mdomo,

Kasumay kep. Umeridhika?

Asante kwa machozi yako, nimeshawaambia watu wote. Kazi ni nzuri na watu ni vituko. Juzi bwana mmoja kaingia ofisini kwangu, kanikuta nimesimama karibu na kabati, akauliza, "Binti, wakili yuko wapi?" Kabla sijajibu akanivulia koti nilitundike. Nikalitundika. Kisha nikaenda kuketi kwenye kiti changu, nikamwambia, "Haya, eleza shida yako." Alieleza kwa haraka sana, akaondoka bila koti. Mpaka leo linaning'inia pale.

Sasa sikiliza, na usinikatize. Serikali imeunda Tume ya kuchunguza mabonde ya Foni. Mwenyekiti ni Jaji Lumley, mzee wa Freetown, mtu makini ila mambo yetu ya huku hayajui. Na mimi ndiye niliyeteuliwa wakili wa Tume. Si wakili wa kampuni, wala si wakili wenu. Kazi yangu ni kuwauliza wote mpaka ukweli utoke. Nimemwambia Jaji kwamba nina rafiki Katimbong, tulilala bweni moja. Akauliza, "Mnaandikiana habari za shauri hili?" Nikamwambia, kuanzia leo hapana.

Kwa hiyo, shoga yangu, kuanzia barua hii neno "bonde" lisiingie katika barua zako. Niandikie habari za shule, za mbu, za yule mchumba wako mwenye pikipiki inayokohoa. Ukiniandikia habari ya shauri, barua itabidi nimwonyeshe Jaji. Najua nakuomba jambo gumu. Mama yako Sirreh amenilisha wali wake kila likizo, na mimi namjibu kwa kuziba masikio. Lakini nikisikiliza upande mmoja chumbani, nitawezaje kuusema ukweli ukumbini na nikaaminika? Ukinipenda, ninyime habari.

Wako,
Yassin, mwenye mali


Katimbong
20 Aprili 1986

Mserere wewe, ulaaniwe na ubarikiwe siku moja!

Najua umenikataza. Mwonyeshe Jaji, si alikuwepo? Jana mlipokwisha kuondoka kijiji hakikukaa. Kila mtu anaisimulia na nyongeza yake, na mimi nataka uipate ile ya kweli kabla hawajaiharibu.

Asubuhi nzima ba'mdogo alikuwa anakuzungusha. Unamuuliza hivi, anajibu, "Mabonde ni ya wanaume wa ukoo." Unamgeuzia vile, "Mabonde ni ya wanaume wa ukoo." Kasuku mtupu! Wakili wa kampuni kakunja nne anatabasamu. Sisi wanawake huko nyuma tumenyong'onyea. Halafu ukatoa kitambaa ukapangusa jasho, na yule mzee akashindwa kujizuia. Huku kwetu Waserere ni wa kutafuta. Amekaa miaka hajapata wa kumtania hadharani, na huyu hapa kaletwa na serikali mpaka mlangoni! Akasema:

"Binti, ninyi wala chere ya mtama mtajua nini habari ya mpunga? Rudi Barra ukageuze samaki, mtumwa wangu we."

Jaji akamgeukia mkalimani. Maskini, naye kaapishwa kutafsiri kila neno. "Mheshimiwa, shahidi anasema wakili wa Tume ni mtumwa wake." Jaji akavua miwani!

Na wewe, badala ya kunyamaza kama mtu wa serikali, nikaiona shingo inainuka. Nikasema moyoni, tayari. "Mtumwa wako nani? Mjola mnywa tembo wewe, tangu lini ukainamisha mgongo majini? Hata jembe la mpunga hujui linashikwa wapi!"

Sasa Mjola gani ataliacha neno kama hilo lipite? Ba'mdogo akainuka na fimbo yake: "Nilijue la nini? Bonde si langu! Ni la Sibo mke wangu, kapewa na mama yake. Kazi yangu mimi ni kula!"

Watu walivyocheka, hata polisi wa mlangoni aligeuka ukutani. Mkalimani akatafsiri. Jaji akaandika, polepole, neno kwa neno. Na hapo ndipo nikamwona ba'mdogo anagundua alichosema, mdomo ukabaki wazi.

Tumeshinda, Yassin! Kajifunga kwa ulimi wake mwenyewe. Mama amekwenda kwa mhunzi na jembe lake tangu alfajiri.

Anayekupenda leo tu,
Nyima


Katimbong
24 Aprili 1986

Kwa Mheshimiwa Bi. Yassin Ndure,
Wakili Mwandamizi wa Serikali,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema.

Nilikuwemo ukumbini jana ulipoomba maneno ya Alkalo yafutwe. Nilisikia sababu yako, kwamba yalisemwa kwa utani na kwa hiyo si ushahidi. Nilimwona Mheshimiwa Jaji akiyapiga mstari. Wakili wa kampuni aliinuka akakushukuru.

Njiani mama aliniuliza ulikuwa unasema nini, maana hakukusikia vizuri. Nilimwambia na mimi sikusikia.

Uliniomba nisikuandikie habari ya mabonde. Sitakuandikia tena. Shule inaendelea vizuri na wanafunzi wote hawajambo.

Wako katika kazi,
Nyima Sambou, Mwalimu Mkuu


Banjul
29 Aprili 1986

Nyima,

Nitukane. Niite mwizi, niite mlafi, sema Waserere wote tunanuka samaki. Lakini usiniite Mheshimiwa. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta tusi hata moja dogo, sikuliona, na moyo umeniuma sana.

Barua yako ya kabla ya hii nilimwonyesha Jaji, kama nilivyoahidi. Wakili wa kampuni pia ameisoma. Jaji alicheka pale pa mkalimani.

Habari ya shauri siwezi kukueleza. Nitakueleza ya kwetu, ambayo hata mtoto anaijua. Mjola na Mserere wanaambiana lolote, mbele ya yeyote, hata penye maiti, na hakuna anayeshikwa kwa alichosema. Ndiyo maana hatujawahi kupigana. Baba yangu aliwahi kushikiana mapanga na jirani kwa ajili ya mpaka wa kiwanja. Akapita Mjola mmoja muuza mikeka, akawatukana wote wawili matusi ya kutosha, wakaishia kucheka na kunywa chai. Yule muuza mikeka asingethubutu kama angejua kila neno lake litaandikwa na jaji. Mimi nikilichukua neno la utani nikalifanya kamba ya kumfungia mzee wa watu, kesho Mjola gani atafungua mdomo mbele ya Mserere? Atatazama kwanza kama kuna karani karibu.

Na kosa lilikuwa langu. Yeye ni mzee aliyeona mtani wake, akafurahi. Mimi nilikuwa kazini. Nilipaswa kukaa kimya na nikajibu, kwa sababu yule mzee alinichokoza nami ni mtoto wa mama yangu. Nilirudi gesti nikiwa nimeshinda, na nikashindwa kula.

Sikuwauza. Ningekuwa nimewauza ningekuja kukuaga kwa tabasamu. Kazi yangu haijaisha.

Mimi ni yuleyule,
Yassin


Katimbong
9 Mei 1986

Kwa yule binti wa Kiserere wa serikali,

Mimi Landing Sambou, Alkalo wa Katimbong, nimekuja kwa mtoto wa kaka yangu aniandikie, kwa sababu mimi najua kusoma Kurani tu. Ameninunia tangu Februari. Hata kiti hajanipa. (Nimempa kiti. N.S.)

Andika hivi. Binti, uliniweka kubaya. Siku ile nilipotoka ukumbini nilijua nimekwisha. Sibo mke wangu alinitazama tu, akanipakulia chakula kizuri kuliko siku zote, na hiyo kwa mwanamke yule ni hatari. Nikasema moyoni, Mserere kaniua, na ni haki yake, nilianza mimi. Kikao kilichofuata ukasimama mbele ya yule Jaji mgeni ukamwambia, "Mheshimiwa, huyu ni mtani wangu. Alichosema kwa utani hakishikwi. Naomba kifutwe." Nimekaa na jambo hilo tangu siku ile. Wale wa kampuni walimwahidi mwanangu usimamizi wa mashamba. Kwa hilo nikaapa. Nimeapa uongo, binti, katika uzee huu.

Waambie waniite tena. Uniulize bila utani. Nami nitajibu bila utani.

Halafu andika kwamba bado ni mtumwa wangu. Hilo lisifutwe.

Alama ya kidole chake hii hapa.

(Yassin, nimeandika kila neno kama alivyosema. Langu mimi sijui niliandike vipi. Nyima.)


Banjul
16 Mei 1986

Nyima wangu,

Barua ya Alkalo niliifungua asubuhi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeikabidhi kwa Jaji na nakala kwa wakili wa kampuni. Shahidi haniandikii mimi peke yangu. Jaji amesema ataitwa tena tarehe 22, hapohapo Katimbong.

Mimi sitakuwepo. Mkuu wangu wa kazi ameishika barua akauliza, "Huu ni mwandiko wa nani?" Nikamwambia wa rafiki yangu, yuleyule niliyemtaja siku ya kwanza. Wakili wa kampuni akasema nimepanga njama. Ningeweza kubishana, lakini kweli mwandiko ni wako na kweli wewe ni rafiki yangu, na Tume ikitiliwa shaka kwa ajili yangu, ninyi ndio mtakaoumia. Nimejitoa. Wamempa kijana anaitwa Momodou Njie, mwoga kidogo lakini si mbaya.

Sikuambii Alkalo aseme nini. Na wewe, tafadhali, usimwambie.

Nitakueleza moja la kwangu. Nafasi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ngazi moja juu ya yangu, iko wazi, na ofisi nzima ilikuwa inaniita kwa cheo hicho kwa mzaha tangu Machi. Leo wamenipita ngazini kama vile sipo. Nilijifungia chooni nikalia, Nyima, nililia kama mtoto, maana nakipenda cheo kile na nakiweza. Kisha nikanawa uso nikarudi kuandika.

Yassin


Katimbong
23 Mei 1986

Yassin, mtumwa wangu, Mserere mla mtama, mwizi wa sahani, pua kama kikaango,

Naanza na hayo ili ujue. Hayo mengine nitayasema hivi hivi: nilikukosea. Nilikudhani umetuuza kwa cheo, kumbe cheo ndicho ulichokitoa. Nisamehe. Sirudii kuliandika hili.

Sasa ngoja nikupe ya jana, kwa kuwa hukuwepo. Yule Momodou wako anatoka jasho mpaka karatasi zinamshika mikononi. Akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba maji: "Mzee, mabonde ni ya nani?" Ba'mdogo alikuwa amevaa kanzu ya Idi. Hakuketi. Akasema, "Ni ya wanawake. Mama humpa binti yake. Mwanaume hana sehemu, hana kauli, hata akitaka kukanyaga tuta anabisha hodi. Nilichoapa mwanzo kilikuwa uongo, nilikisema kwa ajili ya mwanangu."

Wakili wa kampuni akaruka. "Nani kakufundisha kusema haya? Yule wakili wa kike?" Ba'mdogo akamnyoshea fimbo. "Yule alikuwa amenishika. Ulimi wangu ulikuwa mkononi mwake, na wewe uliona. Akanirudishia mbele ya watu. Sasa wewe unaniuliza nani kanifundisha?"

Jaji akamuuliza taratibu, "Mzee, leo hakuna utani?" Akajibu, "Leo hakuna Mserere humu ndani, Mheshimiwa. Nimtanie nani?"

Watu hawakucheka safari hii. Mama Sibo, mkewe, alikuwa amekaa karibu nami. Alijifunika uso kwa kitambaa, mabega yanatikisika. Mama yangu aliinuka, akaenda mpaka mbele, akamshika ba'mdogo mkono, akarudi kukaa. Walikuwa hawajasalimiana tangu Februari.

Walipotoka, wakina mama walisimama njiani wananiuliza, "Yuko wapi?" Nikawaambia umetolewa kwa sababu ya mwandiko wangu. Unajua walivyo. Walitaka kufunga mizigo waje Banjul kukuimbia nje ya ofisi. Nimewazuia kwa shida, na bado siwaamini.

Nyima, bosi wako


Banjul
6 Oktoba 1986

Kwa Mwalimu Mkuu Nyima Sambou, mdomo wa Foni,

Natumaini mpunga umesimama. Siku redio ilipotangaza mwezi wa sita kwamba serikali imeikubali taarifa ya Jaji, kwamba mabonde ni yenu wanawake, nilikuwa kwenye foleni ya mkate kama watu wengine. Niliisikia kutoka kwenye redio ya mwenye duka, na sikuwa na ruhusa ya kupiga kelele. Nikanunua mikate mingi kuliko inayolika.

Kile cheo walimpa mtu mwingine kwa muda. Ni mtu niliyemfundisha mimi kuandika mashitaka, lakini sitaki kuwa na kinyongo, ni mtu mwema. Mimi walinipa kesi za ng'ombe walioibwa. Nimezishinda zote, na wenye ng'ombe wanakuja ofisini kunishukuru kwa maziwa mpaka ngazi zinanuka mgando.

Sasa sikia. Wiki iliyopita Mwanasheria Mkuu mwenyewe aliniita. Taarifa imeshakubaliwa, lakini taarifa si sheria. Akija waziri mwingine mwakani anaweza kuigeuza. Inatakiwa sheria. Akasema ametazama ofisi nzima na hakuna mwingine anayejua bonde linarithiwaje. Na amesema, kwa kinywa chake, "Wewe una rafiki Katimbong. Muulize." Nyima, miezi yote ile tuliyonyimana habari, na leo natumwa na serikali nikuulize!

Basi waulize wakina mama. Mwanamke akiachika, bonde linabaki kwa nani? Akihamia kwa mume wa kijiji kingine je? Na hili ndilo linalonisumbua: aliyekufa bila binti, nani anashika tuta lake? Nataka majibu yao, hata kama wanagombana.

Binti yangu Ndella anakusalimu. Tangu alipokuwa kwako likizo, hataki tena chere ya bibi yake. Anataka wali wenu na chaza. Mama yangu amesema umemloga.

Yassin


Katimbong
20 Novemba 1986

Mserere,

Wamegombana! Nilidhani ni swali la jioni moja. Tulikaa chini ya banda la shule, na kufika kwenye swali la talaka mama Sibo na mama yangu walikuwa wamesimama wote wawili. Majibu nimeyaandika kwenye karatasi ya pili, yale waliyokubaliana. Kwa kifupi: akiachika, bonde ni lake, mwanaume achukue miguu yake. Akihamia kijiji kingine, analima dada yake mpaka atakaporudi.

Ba'mdogo alikuja kusikiliza. Alisimama nje ya banda akauliza kama anaruhusiwa kuingia. Mama Sibo akamwambia, "Subiri, tunalijadili." Wakalijadili, wachokozi hawa, kwa makusudi, naye kasimama juani! Ameingia mwishoni akakaa karibu na mlango. Mwanawe naye, wale wa kampuni walimwacha bila kazi. Sasa anamsaidia mama yake kuvuna, na amesema jembe la mpunga ni zito kuliko alivyofikiri.

Lile swali la asiye na binti ndilo lililotukwamisha. Kila mtu alinitazama kisha akatazama pengine. Unajua nina umri gani, na yule wa pikipiki ameshaoa Brikama. Mama ana bonde moja na mtoto mmoja, ambaye ni mimi, na baada yangu hakuna. Wengine walisema lirudi kwa ukoo wa mume, wengine kwa dada. Mama aliwaacha wote wamalize. Kisha akasema, "Anamtaja anayemtaka, mbele ya wenzake, akiwa hai. Waliotutangulia walifanya hivyo, mmesahau tu." Akanigeukia, "Haya, taja."

Sikuwa nimefikiri, Yassin. Wallahi jina lilitoka lenyewe. Nimemtaja Ndella.

Mmoja akasema, "Mserere? Ndani ya mabonde yetu?" Mama akajibu, "Mama yake aliyatunza bila kuwa na hata tuta moja. Nani ana neno?" Mama Sibo alipiga kigelegele, na jambo likaisha.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hilo. Mwambie mtoto ajifunze kuinama mapema.

Nyima


Banjul
12 Januari 1987

Nyima wangu,

Barua yako niliisomea jikoni, na Ndella akaniuliza kwa nini nalia na kitunguu sijakata bado. Nilimwambia amepata mama mwingine na kazi nyingine. Ameuliza kazi kwanza.

Sheria imekamilika na itasomwa Bungeni mwezi ujao. Kila kifungu nimekiandika mimi isipokuwa kimoja. Nilikwenda kwa Mwanasheria Mkuu nikamwambia kifungu cha mwanamke asiye na binti siwezi kukigusa, ampe Momodou Njie akiandike kutoka kwenye majibu ya wakina mama. Akashangaa, "Kwa nini? Hicho ndicho kigumu kuliko vyote, na wewe ndiye unayekijua." Nikamwambia, "Kwa sababu kitamnufaisha binti yangu. Amekuwa mrithi wa bonde la Katimbong."

Akafungua droo, akatoa barua iliyokwisha kupigwa mashine, ya cheo kile, jina langu juu yake. Akaitia sahihi mbele yangu, akanipa mkono. Ndiyo hivyo, shoga yangu. Kuanzia Jumatatu mimi ndiye Wakili Mkuu wa Serikali.

Nilipofika mlangoni akaniita. "Bi. Ndure, hebu niambie. Binti wa Kiserere, kurithi mpunga wa Wajola. Huo si utani wenu tu?"

Nikamwambia, "Hapana, Mheshimiwa. Hilo waliliamua bila utani."

Yassin, mama Ndella